Wamezifua sketi zangu za maonyesho kwa sabuni, eti nishukuru

Wadau, nina hasira na sitaificha.

Jumba moja la sanaa hapa Nairobi lilinialika kwenye maonyesho ya pamoja kuhusu mwili na kinyaa. Kazi yangu ni sketi kuukuu za shule, nimezianika kwenye kamba vile zinavyoanikwa kwenye ploti yoyote ya Kayole, na kila sketi ina doa la damu ya hedhi. Damu yangu mwenyewe, iliyokauka. Sikumficha mtu. Waliona picha, wakasoma maelezo, wakatia sahihi, wakaniambia itazua mjadala. Siku ya ufunguzi nafika, nakuta kamba imehamishiwa kwenye korido ya kuelekea stoo na kufunikwa shuka jeusi.

Nikamwuliza msimamizi kulikoni. “Dada yangu, tuelewe. Wadhamini wanakuja na familia zao. Watu wataona kinyaa.”

Pale mlangoni palikuwa na mchoro mkubwa wa kijana aliyepigwa risasi, amelala chali kwenye dimbwi la damu. Sina ugomvi na mchoraji, kazi yake ni nzuri na nilimwambia hivyo. Lakini watoto wa wadhamini wanapitishwa mbele ya maiti, halafu doa kwenye sketi ndilo litakalowadhuru? Damu ya mtu aliyeuawa inamulikwa taa, damu ya mwanamke mzima inasukumwa stoo! Ndivyo tulivyo mji huu. Picha za waliokufa ajalini tunatumiana kwenye WhatsApp kabla familia haijaarifiwa, ila ukinunua sodo dukani mwenye duka anaiviringisha gazetini kama bangi.

Na kinyaa ndicho kilichokuwa mada ya maonyesho yenyewe. Mwanafalsafa Julia Kristeva aliandika mwaka 1980 kwamba kinachotutia kinyaa hasa ni kile kinachovuruga mipaka: usaha, matapishi, maiti, vitu vilivyokuwa sisi na sasa tunavisukuma mbali. Jumba la sanaa la Whitney huko New York lilifanya maonyesho mazima ya sanaa ya kinyaa mwaka 1993. Msimamizi huyu anayajua yote. Jina la Kristeva lilikuwa kwenye karatasi aliyoibandika ukutani. Amemsoma, akamwelewa, kisha doa la kweli lilipofika akatafuta shuka.

Mtaniuliza kama ilikuwa lazima iwe damu. Ndiyo, lazima. Rangi ingekuwa pambo. Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi, alibandika sura za wanawake juu ya michoro ya kitabibu ya uvimbe wa kizazi, na leo tunamtaja kwa fahari. Wengi wetu tulisubiri wageni wamsifu kwanza.

Wala msiniletee ile ya “si mila zetu”. Machi 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walivua nguo Uhuru Park mbele ya polisi waliokuja kuwatimua. Walijua kwamba uchi wa mama ni laana kwa mwana anayeutazama. Wangari Maathai alikuwa nao, akapigwa hadi akapoteza fahamu. Mwili wa mwanamke umeshatumika hadharani katika jiji hili, tena kwa jambo zito. Lakini Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti na doa jekundu kwenye suruali nyeupe, akatakiwa atoke. Hayo katika nchi iliyopitisha sheria mwaka 2017 kwamba wasichana wa shule wapewe sodo bure.

Nilidhani shuka ndilo tusi kubwa. Maonyesho yalipokwisha nikaenda kuchukua mzigo wangu. Sketi zimekunjwa, zimepigwa pasi, zinanukia sabuni ya unga. Zimefuliwa! Mbili zimebaki na kivuli cha kahawia, zilizosalia hazina kitu. Nikaambiwa mama wa usafi aliona ni chafu “akakusaidia”, na kwamba ningeshukuru. Mama wa watu simlaumu hata kidogo. Alikabidhiwa mfuko usio na lebo, kwa kuwa waliopaswa kuandika lebo waliona haya kuandika neno hedhi. Kazi ya miezi imekwenda na maji ya beseni.

Huko Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1986 kazi ya msanii Joseph Beuys, lundo la mafuta kwenye kona ya chumba, iliondolewa na msafishaji wa chuo cha sanaa akidhani ni uchafu. Jimbo lililipa fidia ya mark 40,000. Mimi nimeahidiwa nafasi kwenye maonyesho yajayo, “ukileta kitu kisafi kidogo”.

Sitaleta. Nataka barua inayokiri kwamba kazi yangu iliharibiwa mikononi mwao, na nataka fidia. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 32, inampa msanii haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kama kuna wakili humu aliyewahi kushughulikia kesi ya aina hii, tafadhali anitumie ujumbe. Na ninyi wasanii ambao kazi zenu zilifunikwa au kuondolewa dakika ya mwisho, andikeni hapa chini: mliambiwa nini, na mlikuwa mmetia sahihi karatasi gani. Jumba silitaji mpaka nizungumze na wakili.