Sinners, Dune 2, Wicked, Avatar: ipi ya kulipia IMAX au 3D, ipi 2D inatosha?

kijana_wa_Upanga
Wakuu habari zenu. Siku hizi filamu moja inatoka 2D, 3D na IMAX (ule mfumo wa skrini kubwa mno na sauti nzito), na bei zinapishana. Kati ya zile kubwa za miaka hii miwili mitatu (Oppenheimer, Dune: Part Two, Wicked, Sinners, Avatar mpya) ni ipi kweli inalipa kuongeza hela? Na kwa nini 3D mara nyingi inakuwa na giza, na maneno hayasikiki wakati muziki unapasua masikio? Wa Dar na wa Nairobi wote karibuni.

SafuYaSaba
Mkuu, kabla ya bei angalia ilipigwa kwa kamera gani. Neno IMAX kwenye bango pekee halikuongezei kitu.

Dune: Part Two ndiyo ya kulipia bila kujiuliza. Kwenye IMAX picha yake imepanuka mwanzo mpaka mwisho. Ukumbi wa kawaida unaionyesha kwa 2.39 kwa 1, yaani upana ni mara 2.39 ya kimo. IMAX ya dijitali ni 1.90 kwa 1. Kwa upana uleule unapata kimo zaidi kwa asilimia 26 hivi, na hicho kimo ndicho kinachokuonyesha ukubwa wa lile dude la mchangani Paul, mhusika mkuu, anapolipanda.

Sinners ni kesi tofauti. Mpigapicha wake, Autumn Durald Arkapaw, aliipiga kwa mkanda wa filamu wa 65 mm, mifumo miwili ndani ya kazi moja: Ultra Panavision 70, ambayo ni utepe mwembamba wa 2.76 kwa 1, na kamera za IMAX. Kwa hiyo kwenye IMAX picha inakaa nyembamba, halafu ghafla inafunguka juu na chini, karibu asilimia 45 zaidi. Ile sehemu ya muziki ndani ya kilabu, enzi zote zinapokutana kwenye sakafu moja, imepigwa kwa IMAX. Kwangu mimi hiyo peke yake inarudisha hela ya tiketi.

Wicked ni 2.39 hata ndani ya IMAX. Unalipia skrini kubwa na sauti, picha ni ileile. Ukumbi wa kawaida wenye spika nzuri unatosha kabisa.

Oppenheimer ni saa 3, na sehemu kubwa ni watu wanabishana chumbani. Sifa zote mlizosikia ni za nakala ya IMAX ya filamu ya 70 mm, ule mkanda wa karibu kilomita 18, ambao ulionyeshwa kumbi 30 tu duniani mwaka 2023. Afrika Mashariki haukufika. Lakini walioitazama kwenye simu wakaja kusema mlipuko wa Trinity, lile jaribio la bomu la atomiki, hauna kishindo, hao wasihesabiwe.

mtoto_wa_Ngara
Naongezea kuhusu IMAX ya Nairobi, pale jengo la 20th Century, Mama Ngina Street: ni ya dijitali. Ukisoma mtandaoni watu wakisifu 1.43 kwa 1, ile skrini karibu ya mraba, usifunge safari kutoka Dar ukitegemea hiyo.

Halafu Sinners (saa 2 na dakika 17) msiinuke majina yakianza kupanda. Kuna kipande kizima katikati ya majina, Buddy Guy mwenyewe, yule mkongwe wa blues, yumo, na bila hicho hadithi haijaisha. Kingine kifupi kipo mwisho kabisa. Shida ni kwamba kumbi nyingi huwasha taa mapema na wafagiaji wanaingia. Kaa tu, wakufagilie miguuni.

fundi_wa_kibanda
Nijibu la giza. Kiwango cha mwanga wa 2D kwenye skrini ni kandela 48 kwa mita ya mraba. Ukija kwenye 3D, projekta moja inapokezana picha ya jicho la kushoto na la kulia, kisha kuna chujio mbele ya lenzi, kisha miwani yako. Kinachofika jichoni mara nyingi ni theluthi ya kile kiwango, au pungufu. Hapo taa ikiwa mpya. Taa ya xenon hufifia kadiri saa zinavyopita, na mwenye ukumbi anayeibana hadi ipasuke ndiye anayewapa watu Pandora, ile dunia ya Avatar, ya usiku wa manane.

Kwa hiyo lipia 3D pale tu filamu ilipopigwa kwa kamera za 3D, na Avatar ni mojawapo. Nyingi za Marvel hupigwa kawaida kisha hugeuzwa kwenye kompyuta. Hizo tazama 2D. Skrini ya rangi ya fedha inayotumika na miwani ya plastiki isiyo na betri hupoteza mwanga ukikaa pembeni, basi chagua viti vya katikati. Ukiona picha mbili kwenye kingo za vitu, nyoosha kichwa kwanza, kisha futa miwani. Bado? Ita mhudumu.

Na 2D yenye giza pia ipo. Geuka uangalie kidirisha cha projekta: ukiona miali miwili, mmoja juu ya mwingine, huenda wameacha lenzi ya 3D. Toka ukaseme ndani ya dakika 10 za mwanzo. Mwisho wa filamu utapewa pole tu.

Sauti sasa. Kwenye mashine ya sauti ya Dolby, 7 ndiyo namba ya sauti ambayo filamu ilichanganyiwa. Watu wakilalamikia kelele za trela, inashushwa hadi 5, karibu desibeli 7 chini, na filamu ikianza hakuna anayeirudisha. Maneno ndiyo yanayozama kwanza. Kwa Nolan, mwongozaji wa Oppenheimer, ni zaidi, kwa sababu hapendi waigizaji warudie maneno studio. Ila ukiona herufi za s, sh na f zimepotea huku muziki uko sawa, hiyo ni spika ya kati nyuma ya skrini, pembe yake, ile sehemu ya kutoa sauti nyembamba, imekufa. Kuongeza sauti hakutasaidia.

kijana_wa_Upanga
Asanteni sana. Kiti je? Na Avatar ile ya 48?

SafuYaSaba
Kadiria upana wa skrini, kaa umbali wa mara moja na nusu ya upana huo. Kwa ukumbi wa safu 12 ni kama ya 7 au ya 8, na sauti nayo hupimwa maeneo hayo. IMAX sogea mbele kidogo.

Hiyo 48 ni picha kwa sekunde, badala ya 24, tena kwa baadhi ya sehemu tu. Maji na mapigano yanasafishika. Watu wakiwa wanaongea tu, inafanana na tamthilia ya runinga. Uliza kaunta kama projekta yao inaiweza. Kama hapana, bado 3D chukua, mradi wakuambie taa ilibadilishwa lini.

fundi_wa_kibanda
Kaunta hawajui taa ilibadilishwa lini, mkuu. Muulize meneja.