Naomba ushauri: mzingo wangu wa mabaki ya setilaiti unageuka yai

Mtafiti_Uchovu: Wakuu, nipo uzamili, tasnifu yangu inahusu mabaki yaliyo kwenye kimo cha km 35,786 juu ya ikweta. Programu ya kompyuta inaonyesha mzingo, yaani njia yao ya kuizunguka dunia, unavutika kama yai, baada ya mwaka unarudi duara, kisha unaanza upya. Msimamizi anasema programu ina kosa. Nifanyeje? Silali.

FundiDishi: Mimi nafunga madishi Tanga tangu enzi za yale makubwa. Setilaiti nzima ina injini za kujirudisha mahali pake. Mafuta yakiisha, dishi la mteja linaanza kusumbua na lawama zote kwangu.

Mama Zuhura: Mwanangu, kwanza kula, ulale.

Kepler_wa_Kwale: Hicho kipande kina eneo gani kwa kilo?

Mtafiti_Uchovu: Cha kawaida tu mkuu.

Kepler_wa_Kwale: Kawaida ni ngapi?

Mtafiti_Uchovu: Mita za mraba 20 kwa kilo. Ni foili ya kukinga joto.

Kepler_wa_Kwale: Sasa umesema! Mwanga wa jua unasukuma kwa takriban mikronyutoni 4.6 kila mita ya mraba. Setilaiti ya tani kadhaa haitikisiki sana, foili inapeperushwa. Mwanaanga Schildknecht na wenzake wa Bern, Uswisi, waliona vitu hivyo kwa darubini iliyopo kisiwa cha Tenerife: vinaizunguka dunia mara moja kwa siku, lakini uyai wa mzingo (0 ni duara kamili, ukikaribia 1 umevutika mno) unafika 0.55.

Mtafiti_Uchovu: Shida ni kwamba hiyo kani ya mwanga nimeshaizima kwenye programu. Grafu zimenyooka, rasimu nimetuma. Nadhani si vibaya, kani yenyewe ni ndogo mno.

Mama Zuhura: Ndogo, lakini unajua ipo. Hapo unamficha mwalimu wako.

Chizi_Maarifa: Hii chai. Akaunti ya juzi, leo anatuletea foili za angani. Nani kakutuma?

FundiDishi: Mimi pia nimeanza kushtuka.

Kepler_wa_Kwale: Tumpime. Ukiiwasha kani, nusu ya mhimili mrefu, yaani nusu ya urefu wa hilo yai, inafanya nini?

Mtafiti_Uchovu: Karibu haibadiliki. Uyai unapanda hadi 0.4 na ushee, sehemu ya chini ya mzingo inafika kama km 17,000 kutoka ardhini, halafu inapanda tena.

Kepler_wa_Kwale: Si chai. Hesabu yangu inatoa hivyohivyo.

Chizi_Maarifa: Hata roboti ya simu inajibu hayo.

Kepler_wa_Kwale: Achana naye. Ijaribu programu kwa Echo 1, lile puto la mita 30 la Marekani la 1960. Jua lilishusha sehemu ya chini ya mzingo wake kwa mamia ya kilomita, likaanguka 1968. Vipimo vipo. Programu ikivifuata, mpelekee msimamizi grafu zote mbili.

Mtafiti_Uchovu: Rasimu ipo kwa mtahini wa nje tayari.

Kepler_wa_Kwale: Tangu lini?

Mtafiti_Uchovu: Kabla sijafungua uzi.

Mama Zuhura: Mwandikie msimamizi usiku huuhuu, mwanangu. Ukimaliza, rudi utuambie kasemaje.