Flashi imejaa shotikati, daftari la hisa halifunguki

Katibu_Ifakara
Habari za mchana wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa huku Ifakara. Tuko 27, na Jumamosi ya wiki ijayo tunagawana. Jana nilipeleka flashi steshenari kuchapisha orodha ya hisa. Nilipoichomeka kwenye laptopu nyumbani nikakuta kila folda imegeuka shotikati (njia ya mkato tu, si folda yenyewe), ina mshale mdogo pembeni, KB 1 kila moja. Lakini nikiangalia nafasi, bado inaonyesha GB 2.9 zimetumika, kama siku zote. Nikibofya folda ya HISA, dirisha jeusi linapita kama umeme, basi.

Kijana mmoja kaniambia nifomati, yaani nifute kila kitu. Mkono umegoma. Humo mna hisa za akina mama wauza mchele, wamekuwa wakileta elfu tano tano tangu Januari. Naombeni msaada.

mzee_wa_kazi
Fomati tu mkuu, itarudi kama mpya.

Fundi Kompyuta
Ndugu katibu, usifomati. Hizo GB 2.9 ndizo mafaili yako, yapo. Kirusi kimeyaficha na kuweka shotikati zake mbele, na kila ukibofya moja unakiendesha wewe mwenyewe. Kwa hiyo laptopu nayo imeshaambukizwa. Isafishe kwanza: fungua Windows Security, skani yote, usiwe na haraka.

Kisha fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), angalia flashi imepewa herufi gani (mimi naandika E), halafu andika amri hii ya kuyafichua:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri mpaka mstari wa kuandikia urudi. Usishangae ukiona folda isiyo na jina kabisa. Mara nyingi kirusi hurundika kila kitu humo.

Katibu_Ifakara
Nimeiona! Folda haina jina, ndani yake zimo zote, hata picha za msiba wa baba. Asante sana.

Ila folda ya HISA ina mafaili mawili. Moja ni ~$Hisa.xlsx, KB 1. Jingine Hisa.xlsx, KB 64. Yote mawili Excel inagoma, inasema muundo wa faili si sahihi. Nakumbuka yule wa steshenari aliichomoa flashi wakati orodha bado iko wazi kwenye kioo.

Fundi Kompyuta
Hilo lenye ~$ liache. Excel hulitengeneza lenyewe faili linapokuwa wazi na hulifuta likifungwa. Limebaki kwa sababu flashi ilichomolewa kabla.

La KB 64 likopi kwenye laptopu, ufanye kazi na kopi tu. Lifungue kwa Notepad: ukiona herufi PK mwanzoni kabisa, kuna matumaini, maana xlsx ni zipu iliyofungasha mafaili madogo madogo, na zipu huanza na herufi hizo. Ukikuta patupu mwanzo hadi mwisho, data haimo, tutafute kopi kwingine. Kama PK ipo, ndani ya Excel nenda Open, chagua faili mara moja tu, bonyeza kimshale kilicho pembeni ya kitufe cha Open, kisha "Open and Repair". Ikigoma, weka LibreOffice, ni ya bure, nayo huuliza kama ikarabati faili.

mama_wawili
Katibu, angalia pia WhatsApp ya mweka hazina. Sisi kopi tuliipata huko.

Katibu_Ifakara
Mrejesho. PK ilikuwepo, niliitazama mpaka machozi yakanilenga. Excel iligoma kukarabati. LibreOffice ikauliza, nikakubali, ikafunguka. WhatsApp ya mweka hazina ilikuwa na ya mwezi Machi tu.

Mistari ya 19 hadi 22 imekuja mitupu. Jioni hii nimewapitia wale wanachama wanne nyumbani kwao, nikahesabu mihuri kwenye vitabu vyao vya hisa (muhuri mmoja ni hisa moja), mmoja mmoja, wenyewe wakiangalia. Mama mmoja alikuwa na mihuri 143, na mwenyewe alishaitaja hiyo 143 kabla sijafungua kitabu. Nimejaza yote, nimetuma kopi kwa mweka hazina na kwa mwenyekiti.

Fundi, Mungu akubariki. Kwa steshenari sasa nitapeleka PDF kwenye flashi tupu, na kuichomoa nitaichomoa mwenyewe.