Sikilidi wamevimba tumbo na wanakataa chakula: nianze na dawa au na maji?

Mwenye_Tangi aliuliza:

Salamu kwenu nyote mnaofuga samaki wa mapambo. Nina tangi la lita 200 lenye sikilidi (jamii moja ya samaki) wa Ziwa Malawi wa aina mbili, yaani Labidochromis caeruleus wa njano na Melanochromis auratus, pamoja na oska mmoja (Astronotus ocellatus) ambaye nilipewa akiwa bado mchanga. Joto la maji ni nyuzi 26 za Selsiasi na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, ni 8.2. Maji yote huyabadilisha mara moja kwa mwezi, na siku hiyohiyo huosha sponji ya kichujio kwenye bomba hadi itakate. Wote hula chembechembe za kawaida na moyo wa ng'ombe uliosagwa, ambao nilianza kuuleta kwa ajili ya oska lakini sasa kila mmoja anaugombea.

Majike wawili wa auratus wamevimba tumbo, wanajificha nyuma ya hita, huchukua chakula na kukitema, na kinyesi chao kimekuwa cheupe na chembamba kama uzi. Dume la auratus linawafukuza kutwa nzima. Wakati huohuo, jike mmoja wa njano amegoma kula kabisa, ingawa kilichovimba kwake ni chini ya taya wala si tumbo, na mdomo wake unachezacheza kana kwamba anatafuna. Je, huu ni ugonjwa mmoja? Na ni dawa gani nitie tangini?

Kina_Kirefu alijibu:

Ndugu, kabla ya kutaja dawa yoyote, naomba upime amonia na nitriti leo, kwa sababu utaratibu wako wa kusafisha tangi unanitia wasiwasi kuliko hayo matumbo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula huongeza nyingine. Bakteria wanaoishi ndani ya sponji huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Klorini iliyomo katika maji ya bomba huwekwa kwa kusudi la kuua bakteria, na haibagui. Kwa hiyo kila unapoiosha sponji bombani na kubadilisha maji yote, unalirudisha tangi karibu na mwanzo, na bakteria huhitaji wiki nne hadi sita hivi ili kujijenga upya katika tangi jipya.

Kwa wafugaji wa sikilidi wa maziwa yetu makubwa jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa wengine, kwa kuwa amonia huwa katika sura mbili, na ile iliyo sumu kali huongezeka pH inapopanda. Katika pH ya 7, sehemu yenye sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Katika pH ya 8.2 na joto lako hilo, inakaribia asilimia 9. Kipimo kinachomsumbua kidogo samaki wa maji laini yenye pH ya chini kinaweza kumchoma matamvua samaki wako, ilhali namba iliyoandikwa ni ileile. Usijaribu kuishusha pH ili kukwepa hali hiyo, kwani maji ya Malawi yenyewe ni ya alkali na samaki hawa wameumbwa nayo. Amonia ndiyo inayopaswa kuwa sifuri.

Badilisha theluthi moja ya maji sasa, yawe na joto lilelile na yawe yametibiwa kwa sodiamu thiosulfati, kemikali inayoondoa klorini. Kuyaacha maji yakae ndooni usiku kucha huondoa klorini, lakini kama kinachotumika katika maji yenu ni kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuyaacha hakutasaidia, na ukiitibu kwa thiosulfati peke yake itaacha amonia nyuma yake.

Mwamba_na_Mchanga alijibu:

Nianze na jike la njano, maana yeye ana habari njema. Anaatamia. Jike la aina hii hukusanya mayai mdomoni na kukaa nayo wiki tatu au zaidi kidogo bila kula, na kule kuchezesha mdomo ni kuyageuza ili yapate hewa. Usimpe dawa, usimkamate kwa wavu bila sababu, maana akishtuka anaweza kuyatema au kuyameza.

Auratus ni habari nyingine. Tumbo kuvimba, kutema chakula, kujificha na kinyesi cheupe ni dalili za maradhi ambayo wafugaji huyaita uvimbe wa Malawi. Mara nyingi vimelea vidogo vya utumboni huhusishwa nayo, lakini vimelea hivyo huweza kukaa ndani ya samaki mwenye afya bila kumdhuru, mpaka kitu kingine kimdhoofishe, na katika maelezo yako naona vitu viwili mbali na maji.

Cha kwanza ni moyo wa ng'ombe. Auratus ni mbuna, kundi la samaki wanaokwangua mwani na vijidudu vilivyomo juu ya miamba, na utumbo wao mrefu umefaa chakula hicho cha mimea, si nyama na mafuta ya mnyama wa nchi kavu. Labidochromis wako hula zaidi wadudu na wanyama wadogo wa majini, kwa hiyo huhimili protini kuliko auratus, na huenda ndiyo sababu auratus wametangulia kuugua. Uache kabisa huo moyo. Wape chembechembe zenye spirulina (aina ya mwani) kwa wingi, kidogo kidogo, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika mbili.

Cha pili ni dume lako. Auratus yumo miongoni mwa mbuna wakali kuliko wote, na anayefukuzwa kutwa halali, hali, wala kinga yake ya mwili haisimami. Hao unaowaita majike nao wawaangalie vizuri: dume lililoshindwa hubaki na njano na michirizi myeusi ya kike ili lisiandamwe, na lile linalotawala peke yake ndilo hugeuka jeusi. Yamkini una madume matatu katika lita 200, jambo ambalo halina suluhu isipokuwa kuwatenganisha. Kama kweli ni majike, basi dume moja linahitaji angalau majike manne ili ghadhabu yake igawanyike. Ongeza mawe yenye mapango mengi kuliko idadi ya samaki, na uyaweke moja kwa moja juu ya sakafu ya tangi ndipo umwage mchanga, kwa sababu mbuna huchimba na lundo lililosimama juu ya mchanga huanguka.

Oska naye aondoke. Anatoka mto Amazon, ni mla nyama, na atafika sentimita 30. Kwa haki, maji yenye pH yako anaweza kuyavumilia. Kisichovumilika ni kwamba tangi hili litakuwa dogo kwake peke yake, na Labidochromis watakuwa chakula chake.

Tone_la_Chumvi alijibu:

Nakubaliana na wenzangu kuhusu maji na chakula, ila sikubaliani na kusubiri. Uvimbe huu, samaki akishaanza kutema chakula, humwua ndani ya siku chache, na wengi huchelewa kwa kungoja maji yatulie. Watoe hao wawili leo, uwaweke kwenye tangi la pembeni lenye hita na pampu ya hewa, uwatibu kwa metronidazoli, dawa inayoua vimelea vya utumboni. Mimi pia hutia chumvi ya mezani katika tangi kubwa mara nionapo samaki hawana raha.

Kina_Kirefu alijibu:

Kuhusu metronidazoli nimekuelewa, na kwa samaki wanaotema chakula uko sahihi kuliko mimi nilivyoandika hapo juu: kazi mbili zifanyike siku moja. Kuhusu chumvi, tutenganishe. Chumvi ya mezani husaidia pale penye nitriti, kwa kuwa kloridi yake hushindana na nitriti kuingia kwenye matamvua. Kwa utumbo uliovimba haina msaada huo. Huko inayotumika ni chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti, ambayo hulainisha choo na kuvuta maji yaliyozidi mwilini. Kuitia ya mezani kila samaki anaponuna ni mazoea tu.

Mwenye_Tangi aliandika:

Nawashukuru sana. Nimepima: amonia ni miligramu 1 kwa lita, nitriti 0.5. Nimebadilisha theluthi ya maji, moyo wa ng'ombe umekoma, na oska atahamia kesho kwa rafiki mwenye tangi kubwa. Auratus wawili wako pembeni katika lita 40. Naomba kipimo cha dawa, na niambieni lini niwarudishe.

Mwamba_na_Mchanga alijibu:

Kwa lita 40, wafugaji wengi hutumia miligramu 250 za metronidazoli, wakirudia kila baada ya siku moja hadi mara tatu au nne, huku wakibadilisha robo ya maji kabla ya kila dozi. Ponda kidonge, ukikoroge katika kikombe cha maji ya tangi, na uondoe mkaa katika kichujio maana utainyonya dawa yote. Ongeza kijiko kikubwa kimoja cha chumvi ya Epsom, kikiwa kimeyeyushwa kwanza. Katika nchi nyingi dawa hii hutolewa kwa cheti, kwa hiyo mwone daktari wa mifugo, ambaye pia ataweza kukagua kinyesi kwa hadubini na kuthibitisha kama vimelea wapo. Magamba yakianza kusimama kutoka mwilini, matumaini ni madogo.

Usiwape chakula siku mbili za mwanzo. Wakianza kula bila kutema na kinyesi kikarudi rangi ya chakula, waache wiki mbili zaidi huko. Wakati huo tangi kubwa libadilishwe theluthi ya maji kila siku hadi amonia na nitriti zisomeke sifuri, kisha robo au theluthi kila wiki, na sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Siku ya kuwarudisha, panga upya mawe yote kabla hujawatia na uzime taa, ili dume lipoteze mipaka yake na lianze kutafuta makazi pamoja na wengine. Likiendelea kuwaandama baada ya hapo, lihamishe lenyewe.