Mchanga wa ufukweni mbona hauwi jiwe, na wa ukingo wa Newala umekuwa?

mwl_mikindani:
Wakuu, habari za jioni. Swali la jiografia, kidato cha pili. Kitabu kinasema mashapo (mchanga, tope na mabaki mengine yanayotuama) yakirundikana, uzito wa tabaka za juu unayakandamiza mpaka yanakuwa jiwe. Wanafunzi wakaniuliza: mbona mchanga wa ufukwe wa Shangani, hapa Mtwara, bado unachoteka kwa koleo, na kule Newala kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde kuna jiwe la mchanga, mengine unayavunja kwa mkono na mengine yanarudisha nyundo? Na jiwe la matumbawe tunalojengea, nalo ni la mashapo? Naomba na majaribio yasiyohitaji maabara.

punje_kwa_punje:
Mwalimu, neno "uzito" ndilo linalowapoteza. Uzito unabana, haugandishi. Tope jipya la baharini zaidi ya nusu ya ujazo wake ni maji, kwa hiyo likilemewa linanywea sana. Mchanga sivyo. Punje zake zinagusana tangu zinapotua, na kati yake nafasi tupu hufika kama asilimia 40. Ukiulemea zinasogeleana kidogo tu. Shindilia mchanga mkavu kwenye ndoo unavyotaka, ukiinamisha ndoo unamwagika.

Kinachoufanya jiwe ni gundi. Maji yanayopenya polepole kati ya punje hubeba madini yaliyoyeyuka, na hali ikibadilika huyaacha kama utando juu ya kila punje. Utando unanenepa mpaka punje jirani zinashikana. Gundi za kawaida ni tatu: chokaa, silika (madini yaleyale ya kioo) na kutu ya chuma. Palipopita maji mengi yenye madini jiwe ni gumu, palipopita machache linamomonyoka mkononi, hata kama ni tabaka moja. Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye fukwe za nchi za joto: kuna mahali chokaa hugandisha mchanga ndani ya miongo michache, juu kabisa, bila kufukiwa na chochote, na vipande vya chupa vinakutwa ndani ya jiwe hilo. Hapo uzito hauhusiki hata kidogo.

Kuijua gundi, kwanza vunja jiwe upate uso mpya, maana ngozi ya nje imeshabadilishwa na mvua. Kwaruza kwa msumari upate unga kidogo, dondoshea siki au ndimu, sogeza jicho karibu. Mapovu madogo yakipanda ni chokaa. Siki ya dukani ni dhaifu, ndiyo maana unga ni lazima. Juu ya jiwe zima unaweza usione kitu. Msitumie maji ya betri! Yanaunguza ngozi, na juu ya chokaa yanatengeneza utando wa jasi (madini meupe laini) unaozuia mapovu, mkaishia kupata jibu la uongo.

Pasipo mapovu, loweka kipande usiku kucha. Likiyeyuka kuwa tope lilishikwa na udongo wa mfinyanzi tu. Likibaki zima na ni jekundu, ni chuma. Likibaki zima na halina wekundu, ligonge utazame mpasuko: ukipita katikati ya punje badala ya kuzizunguka, hiyo ni silika.

maji_chumvi_lindi:
Naongezea hapo. Matumbawe ndiyo, ni ya mashapo, ila hayakusafirishwa na mto. Viumbe hai walichukua chokaa iliyoyeyuka baharini wakajijengea mifupa papo hapo. Ndiyo sababu ukipasua jiwe hilo unaona vijumba vyao na makombe badala ya punje za mchanga. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa jiwe hili.

Kuna njia nyingine, ya kukauka, na wanafunzi wa Lindi na Mtwara wanaiona kwenye mashamba ya chumvi. Lita 1,000 za maji ya bahari zina kama kilo 35 za chumvi za kila aina, na hazitoki pamoja. Maji yakibaki nusu, chokaa inaanza kutoka. Yakibaki kama moja ya tano, jasi inajikusanya chini. Chumvi ya kula inasubiri mpaka ibaki kama moja ya kumi. Ukiyaacha yakauke kabisa, chumvi za magnesi nazo zinashuka na mzigo unakuwa mchungu, kwa hiyo maji ya mwisho humwagwa. Jasi na chumvi zilizo ardhini zilitokea hivyohivyo.

ukingo_wa_mto:
Tahadhari moja: kokoto nyekundu za barabarani msiziite jiwe la mchanga. Nyingi ni udongo uliooshwa na mvua palepale mpaka chuma kikabaki na kugandamana.

Na kilima cha Tendaguru kisisahaulike, kiko mkoani Lindi, jirani na kwenu. Tabaka za tope zenye mifupa ya dinosaria, za takriban miaka milioni 150, zinapishana na za mchanga zenye makombe ya baharini. Hapo mwanafunzi anasoma bahari ikija na kurudi, tabaka kwa tabaka.

Kuonyesha tabaka darasani: chupa ya lita moja na nusu, udongo theluthi moja, maji karibu na shingo, tikisa dakika moja, kisha isiguswe. Mchanga unashuka kabla ya dakika kuisha, tope laini saa kadhaa.

mwl_mikindani:
Nimewaelewa, asanteni sana. Chupa tumeiweka tangu juzi, mchanga ulishuka vizuri lakini maji ya juu bado ni kama chai ya maziwa. Tumekosea wapi?

punje_kwa_punje:
Hamjakosea. Huo ni udongo wa mfinyanzi: chembe ni ndogo mno na zinasukumana kwa chaji za umeme, hazishikani zikawa nzito. Wekeni kijiko kimoja cha chumvi, geuzeni chupa taratibu mara mbili, muiache. Zitashikana mabonge na kushuka. Ruvuma nao ukikutana na maji ya bahari, tope lake hufanya vivyo hivyo.