Laptopu ya ofisini imechoka: niitengeneze au niachane nayo?

Dada_wa_Mwanga:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nachapa barua, natoa kopi, najazia watu maombi ya vyuo na mikopo, na msimu wa harusi ukifika natengeneza kadi za michango. Kazi zote hizo zinabebwa na HP EliteBook 840 G3 niliyonunua mtumba: prosesa ya Core i5 gen 6 (kizazi cha sita), RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, hadidiski ya GB 500, Windows 10.

Sasa imechoka hasa. Asubuhi naiwasha, nafagia duka, namwagia maji mbele kwa ajili ya vumbi, nikirudi bado inazungusha vile vidoti. Nikifungua Word na Chrome kwa pamoja inaganda, na mteja kasimama mbele yangu na elfu mbili yake mkononi. Betri nayo imebaki jina, umeme ukikatika tu imezima.

Fundi mmoja wa hapa anasema niongeze RAM, mengine yatajipa. Shemeji yangu wa Dar anasema nisitibu maiti, nijikamue nichukue nyingine Kariakoo. Mfukoni sifikishi laki tatu. Mnanishaurije?

Mtoto_wa_Ujiji:
Shemeji yako kasema kweli. Prosesa ya 2015 hiyo. Uza, hata kwa bei ya kutupa.

Fundi_Katubuka:
Dada, kabla hujauza wala kununua, pima kwanza. Ikianza kuganda bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itakuja Task Manager. Soma asilimia za CPU, Memory na Disk, uziandike hapa.

Dada_wa_Mwanga:
CPU inacheza kwenye 20. Memory 84. Disk 100, na haishuki kabisa.

Fundi_Katubuka:
Basi mgonjwa kajitaja mwenyewe. Prosesa yako inakaa kusubiri, haijashindwa kazi. Hadidiski hiyo ndani yake ni sahani zinazozunguka, na kuna kichwa kinachohama huku na huku kutafuta data. Faili moja kubwa inaisoma vizuri tu, hata MB 100 kwa sekunde. Shida ni kwamba Windows ikiwaka inasoma vifaili vidogo maelfu vilivyotawanyika, na kichwa kinahangaika. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka, ndiyo maana mtu akibadilisha anadhani kapewa mashine nyingine.

Fundi wako naye hajakosea, ila kaanza na la pili. RAM ikijaa, Windows inaazima nafasi kwenye diski, kwa hiyo hiyo 4GB inazidi kuitesa hadidiski ambayo tayari imeelemewa. Weka SSD kwanza, hata ya GB 240 kwa kazi zako inatosha. Kisha RAM. G3 ina nafasi mbili za RAM, chungulia kama moja iko wazi uongeze nyingine ya 4GB bila kutupa uliyonayo. Hakikisha ni DDR4 ya laptopu. Ukiuziwa DDR3 haitaingia, mkato wake uko pengine.

Mwalimu_Mstaafu:
Marahaba binti. Fundi kasema vizuri, lakini kuna jambo hajaligusa. Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukijiandikisha kwenye mpango wao wa nyongeza unapata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka gen 8 kwenda juu, na yako ni gen 6. Wapo wanaoilazimisha ikaingia, ila kwa mashine inayoshika vitambulisho na namba za NIDA za watu mimi nisingeilazimisha.

Linux_Lialia:
Piga Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows. Bure, nyepesi, hakuna gen wala nini.

Dada_wa_Mwanga:
Kaka, kadi zangu zote ziko kwenye Publisher, programu ya Windows, huko Linux haiingii. Wateja wa michango watanipiga mawe.

Mtoto_wa_Ujiji:
Mmeona? Anatia hela kwenye mashine ambayo Microsoft wenyewe wameishaitema.

Fundi_Katubuka:
Ndiyo maana simwambii anunue kila kitu. Anunue vile atakavyohama navyo. RAM ya DDR4 itaingia kwenye laptopu nyingi za gen 8 atakayochukua mbele ya safari. SSD ya inchi 2.5 akiikuta haina pa kukaa huko, anaivalisha kasha la USB inakuwa diski ya nje. Betri, kioo, kibodi, hivyo vinazikwa na mashine, asitoe hata mia. Hela ya betri aongezee kwenye UPS ndogo, kile kiboksi cha kushikilia umeme ukikatika, hiyo inabaki dukani hata laptopu ikibadilika.

Ila dada, itazame hiyo betri. Ukiona tachipadi imeinuka au mfuniko wa chini umebinuka, imevimba. Itolewe, laptopu itumie chaja tu.

Mwalimu_Mstaafu:
Hapo nakuunga mkono. Amalize msimu wa maombi huku anaweka akiba ya gen 8.

Dada_wa_Mwanga:
Tachipadi iko sawa. Naona nianze na SSD mwezi huu, RAM baadaye. Je, mafaili yangu yanaweza kuhamishwa yote kama yalivyo, nisianze upya?

Fundi_Katubuka:
Yanahamishwa, Windows na vyote, kama hadidiski bado ni nzima. Shusha CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni bure. Inakuonyesha rangi gani?

Dada_wa_Mwanga:
Njano. Imeandika Caution.

Fundi_Katubuka:
Hilo ni onyo kwamba hadidiski imeanza kuugua. Usihamishe Windows, tutapiga mpya kwenye SSD. Tafuta diski ya nje hata ya kuazima, ukopi mafaili ya wateja na zile kadi leo hii, kabla mtu yeyote hajashika bisibisi.

Dada_wa_Mwanga:
Nimeazima ya jirani, nimeanza. Folda za zamani zinakwenda taratibu mno.

Fundi_Katubuka:
Ziache. Faili likigoma liruke, endelea na mengine, utalirudia mwisho. Na leo usiizime mpaka imalize.