Zabibu: nimpe dalali shambani au nikauze mwenyewe mjini?

Mbabala_Kwetu: Mbukwenyi wadau wa Dodoma. Zabibu zangu zinakaribia kuiva, dalali kashapita anataka kubeba shamba zima. Mama watoto anasema safari hii tuvune wenyewe tukauze kwa walaji. Kipi kina hela?

KretiMoja: Umeleta uzi mkavu mkuu. Heka ngapi? Za kula au za mvinyo? Usafiri unao?

Mama_Chinangali: Kama ni Chenin Blanc hizo za kiwandani, usihangaike na rejareja.

Mbabala_Kwetu: Heka moja na nusu, nyekundu za Makutupora. Usafiri ni bodaboda ya shemeji.

KretiMoja: Uza mwenyewe. Mzani wa dalali unaujua mwenyewe ulivyo, unaning'iniza kreti imejaa inasoma kama ya mgonjwa. Mlaji analipa keshi na akipenda anarudi.

Jua_Kali_Dom: Msimdanganye. Mwaka juzi nilipata oda kreti nane kwa watumishi wa serikali kule Mtumba kupitia grupu la WhatsApp, nikavuna umande haujakauka, nikakodi bajaji, kufika saa nne mmoja yuko kikaoni, mwingine kasafiri Dar, mwingine aliyesema kreti sasa anataka kilo mbili tena anaonja huku anapiga stori mpaka kichala kinabaki vijiti. Na zabibu siyo ndizi, ukishaikata haiivi tena, inanyauka tu. Saa tisa, zabibu za chini ya kreti zimeanza kutoa maji, nyuki wamenizunguka kama nina mzinga, nikaenda kuzitupia kwa mama mmoja Majengo kwa bei ambayo hata dalali angenionea huruma. Bajaji nililipia mfukoni.

Mama_Chinangali: Pole baba, ila na wewe kreti nane siku moja bila advansi? Mimi navuna kidogo kidogo, ndoo tatu nne, wateja wangu walewale.

Mzee_wa_Stendi: Apeleke barabarani kwa abiria. Ingawa tangu treni ya SGR ianze 2024 biashara ya dirishani imepoa, treni hufungui dirisha ukanunua zabibu.

KretiMoja: Mabasi ya Mwanza na Singida yanapita na treni kwani?

Mzee_wa_Stendi: Sijasema yameisha. Nimesema imepoa. Mimi niko pale kila siku, wewe uko kwenye simu.

Jua_Kali_Dom: Mtoa mada, swali moja. Dawa za ubwiri, ule ugonjwa wa mizabibu, msimu huu ulinunua kwa hela ya nani?

Mbabala_Kwetu: Dalali alinikopesha kidogo mwezi wa kumi na mbili.

Jua_Kali_Dom: 😂😂 Na ulikuwa unatuuliza nini sasa?

Mama_Chinangali: Mrudishie deni lake kwa zabibu za deni tu, zinazobaki ni zako. Mlielewana bei siku ile?

Mbabala_Kwetu: Bei hatukuongea mama. Anakuja Jumamosi.

KretiMoja: Azima mzani upime mwenyewe kabla hajafika.

Kijana_Hombolo: Samahani kuingilia, nani anauza miche hapa? Nataka robo heka.